Mwanamke Aliyejibu Mbaya

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Kibali cha kulitaja katika maandishi nilikiomba mwaka juzi, na nimeambiwa bado kinashughulikiwa. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina amani, ina wizara ishirini na tisa, na watu wake wana adabu kupita kiasi. Hiyo adabu ndiyo iliyotaka kutumaliza.

Mimi naitwa Hemedi, Mwezeshaji wa Mfumo katika Zahanati ya Bondeni. Zamani nilikuwa karani tu, naandika majina ya wagonjwa kwa kalamu kwenye daftari. Mfumo ulipoingia nilipewa kishikwambi, fulana yenye picha ya Mheshimiwa Waziri, na cheo. Kalamu nilinyang'anywa, nikatia sahihi kwamba nimeikabidhi ikiwa nzima. Hiyo sahihi niliitia kwa kalamu hiyohiyo, maana nyingine haikuwapo.

Jina kamili ni Mfumo wa Kitaifa wa Kujuliana Hali kwa Njia ya Mtandao. Uliletwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, ambao hapa Bondeni peke yake ni mia nne na kumi na wawili. Nia ilikuwa njema, nasema kweli. Mgonjwa angepima sukari nyumbani, angeingiza namba kwenye simu, na daktari aliye mkoani angeiona na kumwambia aongeze dawa au apunguze, akague nyayo zake, aende akapimwe macho. Asiye na simu, au asiyeona maandishi, angekuja kwangu nimsomee maswali na kumbonyezea majibu. Mafundi walihangaika nao miezi minane. Swali la kwanza waliloliweka lilikuwa: "Sukari yako leo ni ngapi?"

Mfumo ukapelekwa wizarani kukaguliwa. Naibu Katibu Mkuu alisoma swali hilo, akavua miwani.

"Mnamwuliza mtu mzima sukari yake hata hamjamsalimu? Mmelelewa wapi nyinyi?"

Fundi mmoja akajaribu kusema kwamba hiyo ni mashine tu.

"Mashine ya nani? Ya Serikali! Basi ni Serikali inayoingia nyumbani kwa mtu, na Serikali haiingii bila kupiga hodi."

Kikao kikapiga makofi. Ikaundwa Kamati ya Salamu, ikakaa siku kumi na moja katika hoteli yenye bustani, ikatoka na swali jipya la kwanza: "Habari za leo?" Chini yake yakawekwa majibu manne ya kuchagua: Nzuri. Njema. Salama. Mbaya.

Hilo la nne lilizua ubishi mkubwa. Wajumbe wengi waliliona ni tusi. Likaachwa kwa hoja ya mjumbe kutoka Idara ya Maadili, aliyesema litasaidia kuwabaini watovu wa adabu. Kisha, kwa kuwa kamati ilikuwa na huruma, ikaongeza kifungu kimoja: mgonjwa akishajibu kwamba habari zake ni nzuri, njema au salama, asisumbuliwe tena na maswali mengine. Mfumo umshukuru, ujifunge.

*

Sasa msomaji, wewe unatujua tulivyo. Mtu wetu ukimkuta nyumba yake inaungua, ukamwuliza habari za hapa, atakwambia nzuri, ila nyumba inaungua. Nzuri inatangulia, ukweli unakuja nyuma ya ila. Anayeanza na ukweli hakufundwa kwao.

Siku ya uzinduzi, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mzee Ngwali, fundi baiskeli, ambaye majuma mawili nyuma alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya sukari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za leo?"

"Salama tu, tunamshukuru Mungu, ila huu mguu uliobaki nao umeanza..."

Kishikwambi kilishalia. Nilikuwa nimebonyeza Salama, nacho kikaandika: *Asante kwa kutujulisha. Endelea kuwa na afya njema.*

"Umeanza nini, mzee?"

"Kidonda. Hapa kisiginoni."

Nilitafuta mahali pa kuandika kisigino. Hapakuwapo. Akafuata mama mmoja: "Njema, ila sioni." Akafuata mwingine: "Nzuri, ila dawa imeniishia tangu Jumanne." Mpaka adhuhuri nilikuwa nimewabonyezea watu mia moja na tisini, wote wazima. Nikapiga simu mkoani kueleza kwamba kuna jambo. Wakanipongeza kwa kasi.

Baada ya miezi mitatu Mheshimiwa Waziri wa Afya na Takwimu Njema alihutubia taifa. Nilimsikiliza nikiwa nimevaa fulana yenye uso wake.

"Ndugu wananchi! Tulipoanza, tulikuwa na wagonjwa wa kisukari laki tatu. Leo, waliojibu kwamba hali zao ni nzuri, njema au salama, ni laki tatu kasoro sifuri! Nimewauliza wataalamu: iko nchi nyingine duniani iliyowahi kufanya hivi? Wamenyamaza. Nami nikimwona mtaalamu amenyamaza, najua nimeshinda!"

Waraka ukafuata. Ulisema kumdunga sindano mtu mzima asiyeumwa ni kumwonea, na kumpa insulini ni ubadhirifu. Dawa zote zikakusanywa. Vijiti vya kupimia sukari vikarudishwa bohari. Friji letu dogo la insulini likapandishwa kwenye gari la wilaya, na siku hizi linapoza soda za wageni wa Ofisi ya Msawazishaji. Tulipewa hati ya shukrani, tukaitundika palepale friji lilipokuwa.

*

Bi Sikudhani ni mshonaji. Sare za shule za Bondeni nzima zimepita kwenye cherehani yake. Ana miaka sitini na mitatu, mjane, na miwani yake ina vioo vinene. Kwa miaka kumi na moja amejidunga insulini asubuhi na jioni, na chupa huitunza kwenye mtungi wa udongo uliozungushiwa mchanga wenye maji. Bila insulini hafiki mbali. Mwaka ule bohari ilipokauka alilazwa siku tisa hajitambui, na daktari alimwambia safari nyingine asitegemee kuamka.

Tena Bi Sikudhani ndiye somo wa Bondeni. Binti akitaka kuolewa hupelekwa kwake kufundwa: namna ya kupokea wakwe, namna ya kuketi, namna ya kuitikia salamu hata kama moyo unavuja damu.

Alipokuja kuchukua chupa ya mwezi, nilifungua jina lake. Kishikwambi kikapiga tarumbeta.

"Kinasemaje?" akauliza.

"Kinasema hongera. Umepona tangu tarehe kumi na nne mwezi uliopita."

"Nimepona?"

"Ndivyo kilivyoandika."

"Nimepona, na mimi mwenyewe sikuambiwa?" Akakaa kwenye benchi taratibu. "Hemedi, mwanangu, chupa iliyobaki mtunguni ni ya siku kumi. Siku ya kumi na moja nafanyaje?"

Nikabonyeza kitufe cha Malalamiko. Ikafunguka fomu, na swali lake la kwanza lilikuwa: *Habari za leo?* Nikabonyeza Nzuri bila kufikiri, mkono umeshazoea. Kikaandika: *Tumefurahi kusikia huna malalamiko.* Kikajifunga.

Nikawaka. Nilikipiga kile kidude kofi kabisa, wagonjwa wakaniangalia. Nikarudi mwanzo, nikavuta pumzi.

"Bi Sikudhani, njia ni moja. Nikikuuliza habari za leo, sema mbaya."

"Nimwambie nani?"

"Kishikwambi."

"Na wewe umekaa hapo unanisikia?"

"Mimi nitaziba masikio."

"Hemedi, mkeo nimemfunda mimi. Leo nikujibu wewe mbaya, kesho nitamtazamaje mama yako?"

"Mama atakufahamu."

"Siwezi kuanza na nyingine? Niseme nzuri, ila sukari iko juu?"

"Ila hakina."

"Hakina ila? Kimetengenezwa na watu gani?"

Akajaribu. Akasema, "Si nzuri sana." Hiyo haimo. Akasema, "Hivyohivyo tu." Haimo. Akasema, "Tunasukuma siku." Haimo, haimo! Nikajikuta namfokea mtu mzima: "Bi Sikudhani, unataka kufa kwa heshima? Sema mbaya!"

Akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Kutoka humo ndani ikaja sauti ndogo: "Mbaya." Kisha akalia, kama mtu aliyemtukana mzazi wake. Nikabonyeza.

Kishikwambi kilifikiri kwa muda mrefu, maana tangu kizaliwe hakijawahi kupewa jibu hilo. Mwisho kikaandika: *Utovu wa adabu umebainika. Mshiriki amepangiwa Semina ya Adabu na Uzalendo, itakayoanza baada ya siku kumi na mbili. Kuhudhuria ni lazima.*

*

Niliandamana na hasira yangu mpaka wilayani, kwa Bwana Shomvi, Afisa Msawazishaji wa Hali za Wananchi. Ofisi yake ina zulia. Friji letu lilikuwa pembeni, linanguruma vizuri kuliko lilivyonguruma kwetu.

"Karibu, karibu! Habari za Bondeni?"

"Nzuri," nikasema.

Mdomo wangu mwenyewe huo. Bwana Shomvi akatabasamu, akafungua mikono. "Basi kama nzuri, umekuja kufanya nini?"

"Nzuri, ila kuna mama..."

"Unaona!" Akainua kidole. "Ila! Taifa hili linaangushwa na ila. Tumejenga barabara, ila. Tumeleta maji, ila. Sasa tumemaliza kisukari, na wewe, mwezeshaji wetu, umenipandia gari kilomita arobaini kuniletea ila."

Nikamweleza: mama ana siku kumi za dawa, semina ni baada ya siku kumi na mbili, siku mbili hizo zinatosha kumwua. Akanisikiliza kwa utulivu. Akaniambia Bi Sikudhani anaweza kuugua upya, utaratibu upo. Ajiandikishe kama mgonjwa mpya, alete kipimo kinachoonyesha sukari iko juu.

"Vijiti vya kupimia vimerudishwa bohari."

"Kwa sababu wagonjwa hawapo."

"Wagonjwa hawapo kwa sababu hawapimwi!"

"Sasa tumeelewana," akasema Bwana Shomvi kwa furaha, akanifungulia soda.

Niliinywa. Nalisema hili kwa kuwa nimeamua kusema yote. Nilikuwa na kiu, ilikuwa baridi, na niliinywa mpaka mwisho nikiitazama ile rafu aliyokuwa akiwekewa Bi Sikudhani chupa yake. Nikasema asante. Njiani kurudi nilijichukia kiasi kwamba nilishuka gari kabla ya kituo, nikatembea.

Bi Sikudhani hakushangaa. Alipunguza dozi ili chupa ifike siku ya kumi na mbili. Siku ya tano akawa anakunywa maji ndoo nzima. Siku ya nane akashona mikono miwili ya shati upande mmoja, akafumua, akashona tena vilevile. Nilipokwenda kumwona siku ya kumi alikuwa ameegemea cherehani, midomo imekauka, pumzi inanukia matunda yaliyooza.

"Shikamoo, Bi Sikudhani. Unajionaje?"

"Sijambo, mwanangu," akasema.

Nusura nimtikise mabega.

*

Semina ilikuwa katika ukumbi wa watu mia mbili. Mshiriki alikuwa mmoja. Viti mia moja na tisini na tisa vilivalishwa vitambaa vyeupe vyenye utepe, na mbele palitundikwa bango: KARIBUNI NYOTE. Bi Sikudhani niliingia naye nimemshika kwapani, miguu inaburuzika, nikamketisha mstari wa mbele. Mkufunzi alikuwa Mama Eliapenda, mwanamke mnene mpole, aliyempa mkoba, daftari, kalamu (kalamu!) na fomu ya karatasi.

Fomu hiyo nataka niieleze. Ilikuwa ya zamani, ilichapwa kabla ya Mfumo, kwa hiyo haikusalimu mtu. Ilikwenda moja kwa moja: *Je, mshiriki ana mahitaji maalumu ya chakula au dawa?* Kalamu nikaishika mimi, nikamwandikia: insulini, mara mbili kwa siku. Niliandika kwa ghadhabu tu, sikutarajia kitu.

Mama Eliapenda akasoma, akaita mtu, na kabla chai haijapoa muuguzi aliingia na kasha la barafu. Ndani mlikuwa na chupa za insulini nyingi kuliko nilizowahi kuziona Bondeni kwa mwaka mzima. Alipima sukari yake, kipimo kikaandika namba ambayo sijawahi kuiona, akamtundikia dripu palepale kwenye kiti chenye utepe, akaanza kumpa dawa.

"Hizi zimetoka wapi?" nikauliza.

"Zilizokusanywa zahanati," akasema Mama Eliapenda. "Tulikabidhiwa sisi Idara ya Semina. Kanuni zetu haziruhusu mshiriki kuumwa semina ikiendelea. Akiumwa, tutaambiwa semina haikufana."

Nilicheka. Nchi haina insulini ya wagonjwa, ina ya washiriki.

Siku mbili zilipita kwa mihadhara. Bi Sikudhani alirudiwa na rangi, akaketi wima, akafundishwa namna ya kuitikia salamu na mwanamke ambaye angeweza kufundishwa na yeye. Siku ya tatu ulikuwa mtihani, na kanuni zake zilibandikwa mlangoni. Nilizisoma mara mbili. Anayefaulu anarudi nyumbani na cheti, huduma zote zinakoma. Anayefeli anarudia mwezi ujao, na mpaka hapo anahesabiwa mshiriki anayeendelea, hivyo anapewa dawa za kutosha mwezi mzima.

Nikamkimbilia. "Bi Sikudhani, feli."

"Nifeli salamu? Mimi?"

"Kila mwezi. Ufeli mpaka mwisho."

Mama Eliapenda akasimama mbele, akarekebisha kilemba, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, ile inayomlazimisha mtu kujibu vizuri: "Bi Sikudhani, habari za leo?"

Ukumbi ulikuwa na watu wanne na viti mia mbili. Sijawahi kuomba Mungu hivyo. Niliiona nzuri inampanda kooni, kwa sababu siku hiyo ilikuwa kweli nzuri, alikuwa amelala vizuri, amekula, anaona mpaka maandishi ya bango.

"Mbaya," akasema.

Mama Eliapenda akaandika sifuri. Kisha akampa chupa mbili na barafu ya njiani, akageuka upesi kukusanya vitambaa.

*

Huu ni mwezi wa tisa. Bi Sikudhani amefeli mara tisa. Jina lake limebandikwa kwenye ubao wa wilaya: Mkaidi Sugu, Daraja la Kwanza. Mabinti hawapelekwi tena kwake kufundwa. Mmoja aliyekwisha kuanza aliondolewa katikati, na mama yake hakusema sababu, alisema nzuri, ila tumebadilisha mipango.

"Siku hizi watoto wakikosa adabu wanaambiwa watakuwa kama mimi," aliniambia, akitia uzi kwenye sindano. "Ningekufa wakati ule wangenizika somo."

Nimewafundisha wengine njia hiyo. Katika mia nne na kumi na wawili, walioweza ni thelathini na saba. Waliobaki wanajaribu, wanafika kwenye herufi ya kwanza, wanaona aibu, wanasema salama. Mzee Ngwali nilimbembeleza majuma matatu. Aliniambia ana miaka sabini na miwili na hajawahi kumjibu mtu mbaya, na hatakwenda mbele ya haki na jibu hilo kinywani. Amekwenda mwezi uliopita, ule mguu ukiwa mweusi kuanzia kisigino mpaka gotini. Kwenye Mfumo imeandikwa alifariki akiwa na afya njema. Nina hasira, na sijui nimwelekezee nani: kamati, Mfumo, au yeye na adabu zake. Aliyebonyeza Salama ni mimi.

Maafisa wa Maadili sasa wanapita mitaani wakiwasikiliza wakaidi. Atakayesikika akiitikia salamu vizuri atahesabiwa amefuzu, na dawa zitasimama siku hiyohiyo. Thelathini na saba wetu wanatembea Bondeni wakijibu mbaya sokoni, mbaya msikitini, mbaya kwenye harusi za wajukuu zao.

Jana nilikutana na Bi Sikudhani njiani, ametoka kupimwa na muuguzi wa semina. Sukari yake imekaa sawa, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwuliza habari za leo.

Akageuka kulia, akageuka kushoto. Akamsubiri muuza mkaa apite na baiskeli yake mpaka akakata kona. Kisha akanisogelea, akaweka mkono mdomoni, akaninong'oneza:

"Nzuri."